Ngome nne za Alb na siku moja tu: uende ipi?

Kila ikifika mwezi wa tano simu yangu inaanza. Mmoja anakuja Stuttgart kikazi na kabakiza Jumamosi moja, mwingine kamleta mamake kutoka Tanga, wengine ni wanafunzi wapya wa pale Tübingen wameona jua kwa mara ya kwanza tangu waingie nchi hii na wanataka walitumie kabla halijabadili mawazo. Swali lao ni moja, yale makasri ya kwenye picha, twende lipi? Na kabla sijajibu nimeshatumiwa picha ya Neuschwanstein.

Sasa Neuschwanstein iko Bavaria, kule karibu na mpaka wa Austria, kwa sisi wa huku ni siku nzima njiani kwenda na kurudi afu ukifika unakuta nusu ya dunia imeshawahi foleni. Sikatai, ni zuri. Ila hapa mlangoni tuna Schwäbische Alb, uwanda wa juu wa mawe ya chokaa kusini mwa Stuttgart, vijiji vidogo vidogo, kondoo, misitu, na upande wa kaskazini uwanda umekatika ghafla kama ukingo wa meza. Kwenye ukingo ule karibu kila mwamba uliojitokeza kuna bwana fulani wa zamani alishaujengea ukuta.

Nalinganisha nne tu, zile ambazo nimepeleka wageni mara nyingi hadi nimechoka kupiga picha: Burg Hohenzollern karibu na Hechingen, Schloss Lichtenstein juu ya kijiji cha Honau, Schloss Sigmaringen pembeni ya mto Donau (yaani Danube), na Hohenneuffen ambayo yenyewe ni gofu, haina paa. Wajerumani wana maneno mawili, Burg ni ngome ya kujilinda na Schloss ni kasri la kuishi na kujionyesha, ila usiyaamini sana hayo majina maana Hohenzollern inaitwa Burg na ndani ni kasri kabisa, na Lichtenstein inaitwa Schloss wakati ukiiangalia kwa mbali utaapa ni ngome ya vita.

Halafu angalizo moja la mapema. Lichtenstein hii haina e baada ya i. Jamaa yangu mmoja aliandika kwenye ramani ya simu ile yenye e, Liechtenstein, ambayo ni nchi kamili yenye bendera yake, akaanza kulalamika mbona nimemwambia ni karibu na simu inamwambia karibu saa tatu na anavuka mipaka.

Tunapima nini hasa

Ukimuuliza mtu "ipi nzuri" atakwambia ile aliyoenda yeye. Kwa hiyo tupime zote kwa vitu vilevile: unafikaje bila gari, magoti yatalipa kiasi gani, ndani kuna nini cha kuangalia, ina umri gani kweli na stori gani, picha zake, hela, na tumbo. Hilo la tumbo watu wanalidharau mpaka wafike mlimani Jumapili na watoto wawili wenye njaa.

Kufika

Kama huna gari Sigmaringen ndo rahisi kuliko zote na haina mjadala. Treni inakushusha mjini, unatoka stesheni kasri unaliona hilo hapo juu ya mwamba, unatembea dakika kumi hivi umefika. Kutoka Tübingen ni kama saa moja na nusu, treni inapita Hechingen, Balingen, Albstadt halafu inateremka kwenye bonde la Donau, na njia yenyewe ni nzuri hadi unasahau kuangalia simu.

Hohenzollern iko kwenye reli hiyohiyo, unashuka Hechingen, dakika ishirini na kitu tu kutoka Tübingen. Shida inaanza hapo maana stesheni iko bondeni na ngome iko juu ya mlima wa mita 855 umesimama peke yake kama kichuguu. Kuna basi la kwenda hadi paking ya chini ya ngome lakini haliji kila saa, angalia ratiba ya kwenda NA ya kurudi kabla hujatoka nyumbani, narudia, na ya kurudi. Kuanzia paking kuna vibasi vinavyopandisha watu juu.

Lichtenstein bila gari inataka moyo kidogo. Unapanda basi Reutlingen hadi Honau, unashuka kijijini, unainua macho, kasri liko juu ya mwamba utadhani limebandikwa na gundi. Kutoka pale ni njia ya msituni, zaidi ya mita 250 za kupanda. Mwenye gari anazunguka kwa barabara na kupaki juu kabisa, anatembea kidogo tu.

Hohenneuffen kuna katreni kadogo kanatoka Nürtingen hadi Neuffen, mwisho wa reli, halafu mlima unakusubiri, na huu unazidi ule wa Honau. Kwa gari unapaki karibu na kilele unamalizia kwa mguu robo saa au kidogo zaidi.

Magoti

Hapa ndipo watu wanakosea sana wanapoleta wazazi. Mama mdogo wangu alikuja akiwa na goti lake bovu, nikamwambia mama tulia, Hohenzollern kuna basi linafika juu. Kweli linafika juu, ila "juu" maana yake ni karibu na geti, baada ya hapo kuna ile njia ya kuingilia inayojizungusha kama konokono, geti baada ya geti, halafu ngazi. Tulifika. Tulipumzika mara tatu na aliniangalia kwa jicho ambalo nalijua tangu utoto. Kwa hiyo mzee anayetembea taratibu anaweza, mzee wa kiti cha magurudumu mpigie simu ofisi yao kwanza uwaeleze hali yake.

Sigmaringen inapanda kidogo kutoka mjini, si kitu cha kutisha, ila ndani kuna ngazi na ziara inachukua kama saa nzima umesimama. Lichtenstein kwa wenye gari ni tambarare hadi daraja la kuingilia, ndani ngazi nyembamba na vyumba vidogo, mtu mnene na mkoba mgongoni atajibana. Hohenneuffen njia ni pana lakini ni kupanda, na ukishaingia ni mawe ya zamani yasiyo sawa, kigari cha mtoto chenye matairi madogo kiache kwenye buti.

Na viatu jamani. Kila mwaka naona dada mmoja na sendozi za kumeremeta pale Honau anashuka kinyumenyume.

Ndani kuna nini

Kama wewe ni mtu wa kuingia vyumbani uone watu walilala wapi na walikula wapi, Sigmaringen inakushibisha. Kuna masaluni yenye fanicha zake, mazulia ya ukutani, na chini kuna ukumbi wa silaha wenye vitu zaidi ya 3,000, mapanga, mikuki, bunduki za kila kizazi, moja ya mikusanyo binafsi mikubwa Ulaya. Watoto wa kiume wanagoma kutoka mle. Watu wazima wa kiume pia.

Hohenzollern ndani kumepangwa ili ushangae. Unaingia ukumbi ambao ukuta wote umechorwa mti wa ukoo wa familia, majina hadi juu, halafu ukumbi mkubwa wa nguzo na dari la kuchongwa, maktaba, vyumba vya kulala, mwisho chumba cha hazina. Mle hazina ndo kuna taji la mfalme wa Prussia, ule ufalme wa zamani wa Kijerumani, na hilo nitalirudia chini maana linatuhusu. Kuna makanisa pia, la Kikatoliki na la Kiprotestanti, mlima mmoja.

Lichtenstein ni fupi, ziara ni kama nusu saa na kiongozi, unaona ukumbi wa silaha, kanisa dogo, chumba cha kunywea, ukumbi wa mashujaa, basi umetoka. Kupiga picha ndani hairuhusiwi kwa hiyo wanaoishi kwa ajili ya status wajiandae kisaikolojia. Ila mi naona ndani yake ndo kuna roho kuliko zote, vyumba vidogo vimepakwa rangi kila inchi, unahisi kama umeingia kwenye kichwa cha mtu mmoja aliyependa sana hadithi. Na ndivyo ilivyokuwa.

Hohenneuffen ndani hakuna ndani. Ni kuta, mahandaki, minara iliyokatika na upepo. Beba tochi.

Umri wake wa kweli na stori yake

Hapa ndo patamu. Mgeni akisimama chini ya Hohenzollern ile minara yote imechongoka mawinguni anasema eeh, hii itakuwa ya miaka elfu. Ngome hii unayoiona ilijengwa 1850 hadi 1867. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa 1593 hadi 1596, yaani bibi yake kabisa. Ni kweli pale mlimani palikuwa na ngome ya zamani, ya kwanza ikabomolewa mwaka 1423 baada ya kuzingirwa na majeshi ya miji ya Swabia, yaani eneo hili letu, ikajengwa ya pili kuanzia 1454, nayo ikachakaa ikawa gofu. Mwaka 1819 mrithi wa ufalme wa Prussia akiwa kijana akapita kuona asili ya ukoo wake, akakuta mawe na nyasi, roho ikamuuma. Alipokuja kuwa mfalme Friedrich Wilhelm IV akamtumia msanifu wake, Friedrich August Stüler, wakajenga hii ya tatu kwa mtindo wa kujifanya ya zamani. Ni mali ya familia mpaka leo.

Basi mle hazina kuna taji la Wilhelm II, Kaiser wa mwisho wa Ujerumani. Lilitengenezwa mwaka 1889 na hakuwahi hata kutawazwa nalo, lilikuwa la kuonyesha tu kwamba lipo. Mi nimekulia Tanga, kwa hiyo nikiuona mwaka 1889 kichwani kwangu haiji Prussia, inakuja Pangani. Desemba ya mwaka huohuo ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri pale Pangani, baada ya yale mapigano ya pwani. Na Oktoba ya mwaka huohuo Mjerumani Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro akakipa jina la Kaiser-Wilhelm-Spitze, hicho ambacho leo tunakiita Uhuru. Mwaka mmoja, kamba Pangani, jina Kibo, taji Berlin. Nilisimama mbele ya kile kioo muda mrefu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia naangalia tu.

Sigmaringen yenyewe ni kongwe kwelikweli, imetajwa kwenye maandishi tangu 1077, na tawi la Kikatoliki la hawahawa akina Hohenzollern walilichukua mwaka 1535 na bado ni lao. Ila nayo iliungua vibaya mwaka 1893, sehemu kubwa unayoiona ni ya baada ya moto. Stori zake ni nzito. Mwaka 1870 mtoto wa nyumba hii, Leopold, alipendekezwa awe mfalme wa Hispania, Ufaransa ikakasirika, ikaja vita, Ufaransa ikashindwa, na Januari 1871 Dola ya Ujerumani ikatangazwa. Miaka kumi na minne baadaye dola hiyo inatoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, na sisi tukaitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sisemi ni kosa la Leopold, maskini hata huo ufalme hakuupata. Mdogo wake Carol alikuwa na bahati zaidi, alikwenda Romania mwaka 1866 akaishia kuwa mfalme wao wa kwanza.

Halafu kuna ile miezi ya ajabu, kuanzia Septemba 1944. Wanazi waliitoa familia ndani ya kasri wakaijaza serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikishirikiana nao, Pétain, Laval na wenzao, wamekimbia nchi yao, wanaigiza kuwa serikali kwenye kamji kadogo ka Swabia hadi Aprili 1945. Kasri lile lile ambalo mtoto wake alikuwa chanzo cha kuishinda Ufaransa. Muulize kiongozi wa ziara, usingoje akutajie mwenyewe.

Lichtenstein ndo changa kabisa kwa roho. Mwaka 1826 mwandishi Wilhelm Hauff alitoa riwaya inayoitwa Lichtenstein, kuhusu Mtawala Ulrich wa Württemberg, dola ya zamani ya huku, akijificha kwenye pango hapo jirani. Watu wakaipenda kupita kiasi, na bwana mmoja wa ukoo wa kifalme, Graf Wilhelm wa Württemberg, akasema mi nalitaka hilo kasri la kwenye kitabu. Akalijenga, 1840 hadi 1842. Yaani ni kasri lililotoka kwenye kitabu likaingia kwenye mwamba. Neuschwanstein ya watu wote ilikuja kuanza 1869, kizazi kizima baadaye. Ngome halisi ya zama za kati ilikuwa mita mia kadhaa pembeni, bado kuna mabaki msituni, na hakuna anayekwenda. Mtoto wa huyu Wilhelm naye alichaguliwa mwaka 1918 awe mfalme wa Lithuania, hakuwahi kukalia kiti hata siku moja. Inaonekana wakati ule Swabia walikuwa wanasafirisha wafalme nje kama sisi tunavyosafirisha korosho, wengine wanafika wengine wanaozea bandarini.

Hohenneuffen haijifanyi kitu. Ilianza karne ya 12, ikawa ngome kubwa ya Württemberg, ikawa gereza la watu wakubwa, kati yao Joseph Süß Oppenheimer, mshauri wa fedha wa mtawala wa Württemberg, aliyefungwa hapo 1737 kabla ya kuhamishwa na kunyongwa Stuttgart mwaka uliofuata. Ikaachwa, watu wa vijijini wakachukua mawe wakajengea. Kisha tarehe 2 Agosti 1948 wanasiasa wa vijimbo vitatu vya kusini magharibi walikutana juu pale kuongelea kuungana, na mwaka 1952 jimbo la Baden-Württemberg likazaliwa. Ukitaka jiwe la zamani kweli ambalo halijapakwa poda, ni hapa.

Picha

Haraka haraka. Hohenzollern picha yake huipigi ukiwa ndani, unaipiga ukiwa mlima wa pili unaoitwa Zeller Horn, asubuhi mapema ya msimu wa majani kuanguka, ukungu umejaa bondeni na ngome inaelea. Lichtenstein ukisimama karibu na sanamu ya Hauff unaipata yote pamoja na daraja na bonde chini. Sigmaringen vuka mto, simama ng'ambo, subiri maji yatulie unapata makasri mawili, moja kichwa chini. Hohenneuffen yenyewe si mrembo wa kupigwa picha, ila ukiwa juu yake ukigeuka nyuma unaona mashamba ya mizabibu, vijiji, na siku ikiwa nyeupe unaona hadi upande wa Stuttgart.

Hela

Hohenneuffen kiingilio ni bure. Hohenzollern ndo ghali kuliko zote, hesabu yuro ishirini na kitu kwa mtu mzima, familia ya watu wanne inauma, kata tiketi mtandaoni kabla. Sigmaringen na Lichtenstein ziko chini ya hapo, na Lichtenstein unaweza kulipa kidogo ukaingia uani tu bila ziara ya ndani, ambayo kwa wenye watoto wadogo wasiotulia ni akili. Bei zinabadilika kila msimu, pitia tovuti yao usiku ule kabla ya kwenda, na uangalie pia kama wamefungua maana Lichtenstein wakati wa baridi wanapunguza sana siku.

Nauli, kama mna Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima, mmemaliza. Kama ni wageni, kuna ile tiketi ya siku ya jimbo, Baden-Württemberg-Ticket, inabeba hadi watu watano na ukigawana ni hela ya soda, ila siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, sio kabla, mkaguzi hajali kuwa wewe ni mgeni.

Tumbo

Sigmaringen kuna mji, kuna mikahawa, kuna hadi kebabu. Hohenzollern kuna mgahawa juu, bei za juu. Hohenneuffen kuna sehemu ya kula na kunywa ndani ya kuta zenyewe, jua likiwaka hapo ni starehe, ila angalia siku zao. Lichtenstein mi nakushauri ushuke Honau ule samaki, kile kijiji kinajulikana kwa trauti wa maji baridi, anachomwa mzima, ukimfunga macho mtu wa Kigoma atakwambia hajambo huyu.

Kwa Waislamu na wengine msiokula nguruwe, Maultaschen ndo chakula cha heshima cha huku, kama sambusa za kuchemshwa, lakini mara nyingi nyama yake imechanganywa na nguruwe. Dengu na spätzle, tambi za mayai za huku, nayo inakuja na soseji juu. Salama ni Käsespätzle, tambi za jibini na vitunguu vya kukaanga, hata hivyo uliza kama wameweka vipande vya nyama. Na kumbuka Jumapili maduka yote yamefungwa, hakuna cha kusema tutanunua maji njiani. Sisi tunabeba chapati na chupa ya chai, tunakaa kwenye benchi, Wajerumani wanapita wanasema mahlzeit, salamu yao ya wakati wa kula.

Sasa wewe uko kundi gani

Umeleta mzazi na huna gari: Sigmaringen. Mtatoka kwa treni, mtatembea kidogo, atakaa kando ya mto aone maji, na kama ziara itamchosha kuna mji wa kukaa anywe kahawa wakati nyie mko kwenye mapanga. Mzazi huyohuyo ukiwa na gari, Lichtenstein inaingia pia, mkiridhika na uani na mandhari bila kupanda vyumbani.

Mgeni anakuja mara moja maishani na anataka picha moja ya kuweka ukutani Dar, mpeleke Hohenzollern, lipa hiyo hela usilalamike. Mtu wa historia, hasa mwalimu, naye mpeleke hapohapo lakini mwambie kabla kuhusu 1889 ili akifika hazina ajue anaangalia nini, maana maelezo ya ukutani yanahusu vito na dhahabu tu. Ukiwa na siku mbili mfanyie Hohenzollern leo na Sigmaringen kesho, ni reli moja na ni ukoo mmoja, stori inajifunga yenyewe.

Wapenzi wapya, Lichtenstein. Msiende mchana wa Jumapili.

Watoto wa shule ya msingi wanaopenda kukimbia na kupiga kelele, Hohenneuffen, hakuna kitu cha kuvunja na hakuna mtu wa kuwaambia nyamazeni, ila kuta zina maporomoko kwa hiyo macho yasibanduke. Kama ni wakubwa kidogo na hela ipo, karibu na Lichtenstein kuna bustani ya kupanda kamba kwenye miti, na mapango ya Nebelhöhle na Bärenhöhle hayako mbali kwa gari, siku inajaa hata wakikataa kabisa kuingia kasri.

Wanafunzi wa mfuko mtupu, Neuffen kwa treni na mlima kwa miguu, kiingilio bure, jioni mnashuka mmechoka vizuri. Wale wasioweza kutembea zaidi ya dakika tano kwa sababu yoyote ile, kati ya hizi nne ni uani Lichtenstein kwa gari, au mkae ng'ambo ya mto Sigmaringen muangalie kutoka chini.

Na ukija kipindi cha baridi, Novemba hadi Machi, ondoa Hohenneuffen na Lichtenstein kwenye hesabu mpaka uhakikishe ziko wazi na njia haijashika barafu. Hohenzollern huwa wanawasha taa nyingi kuelekea Krismasi, inapendeza, lakini juu kule upepo hauna ndugu, mvalishe mgeni koti lako la akiba kabla hajatoka mlangoni hata akikwambia yeye amezoea baridi ya Lushoto.